Mchoro wa wino wa mtu asiyesomea sanaa: utundikwe na mingine au upewe kona yake?

Wakuu, salaam kutoka Bagamoyo. Kuna jambo limetugawa huku, naomba tulijadili bila matusi.

Kikundi chetu kinaandaa maonyesho madogo ya michoro Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Wengi walioleta kazi wamepita TaSUBa, chuo chetu cha sanaa cha hapa. Umeletwa pia mchoro wa mchukuzi wa soko la samaki, mtu wa makamo ambaye hajawahi kukanyaga darasa la sanaa. Ni wino mweusi juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Mistari myembamba imejaa pembe hadi pembe. Hakuna mtu, hakuna jahazi, hakuna mnazi. Ukisogea karibu unaona inapinda pamoja na haigusani popote. Mkono ule una subira ya ajabu.

Inajulikana pia kwamba aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili. Nusu ya kamati inataka mchoro uwekwe kona ya peke yake, na maradhi hayo yaandikwe chini yake ili watalii waelewe. Napinga yote mawili. Utundikwe na mingine, uandikwe jina lake, wino, karatasi na bei.

Mzee wa Chumbageni: Mimi niko upande wa hiyo nusu. Kijana amelipa ada, amejifunza vivuli, uwiano wa mwili, kuchanganya rangi. Leo unamtundikia ubavuni mtu aliyejichorea tu, kwa bei ileile? Hata mchoro usio na umbo una misingi yake.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee wangu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupita chuo cha sanaa, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Alifariki 1972. Miaka michache hiyo ndiyo iliyozaa mtindo unaolisha familia nyingi mpaka leo. Nani amewahi kudai cheti chake?

Binti Ngamiani: Tingatinga alichora chui, na mtoto mdogo anamtambua chui. Huyu wenu amechora nini? Halafu mimi naogopa madalali. Watanunua kwa hela ya chai, wauze kwa dola, na hayo maradhi ndiyo yatakayopandisha bei.

Mwanzisha mada: Dada, hapo kwenye madalali umenena, na ndiyo sababu sitaki maradhi yaandikwe. Kuhusu chui: tazama nakshi za milango yetu ya zamani. Nyingi hazina mtu wala mnyama, na hatumdai fundi maelezo.

Wazungu nao walibishana haya. Mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet alianza mwaka 1945 kukusanya kazi za watu wasiosomea sanaa, wakiwemo wagonjwa wa hospitali za akili. Mkusanyo ule ukapata makumbusho yake Lausanne, Uswisi, mwaka 1976. Namheshimu, maana kazi nyingi zingeishia jalalani. Lakini jengo zima lenye heshima yake si sawa na kona ya chumba kimoja katika mji ambao kila mtu anamjua mwenye mchoro. Hapa kona hiyo ni kumtia aibu.

Yuko pia Madge Gill wa London, aliyefariki 1961. Alichora kwa wino kwenye kadi na vitambaa virefu, akisema roho ndiyo inayoongoza mkono wake. Huku tungesema ana pepo. Kuuza alikuwa hataki, akidai kazi ni za hiyo roho. Kwa hiyo hata kabla ya kubishania ukuta, mchukuzi wetu aulizwe mwenyewe kama anataka. Akikataa, karatasi yake irudishwe safi kama ilivyokuja.

Mzee wa Chumbageni: Marahaba. La kumuuliza nakubali. Bei ileile bado sikubali.

Mwanzisha mada: Bei ataitaja yeye, kama walivyotaja wenzake. Kamati inakutana kesho kutwa. Mwenye hoja ya kwa nini maradhi yaandikwe ailete hapa, maana mpaka sasa hakuna aliyeileta.