Babu hayupo, sauti yake iko kwenye simu na naogopa kuifungua

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri.

Babu yangu mzaa mama, ambaye ndiye kanilea, alifariki miezi 4 iliyopita. Nina jumbe zake 17 za sauti WhatsApp. Zote zinaanza vilevile: anakohoa mara mbili, halafu "Haloo, ni mimi babu yako", utadhani ningemfananisha na mtu mwingine. Tangu tumzike sijafungua hata mmoja. Simu yenyewe kioo kimepasuka, inajizima ovyo. Huku mama naye anataka kabati la babu litolewe kila kitu, vigawiwe. Mimi nikiona tu ile miwani yake aliyoifunga uzi, nguvu zinaniisha. Nifanyeje nimkumbuke bila kujitesa?

Fundi Simu: Pole sana mkuu. Kusikiliza kunaweza kusubiri, kunakili hakusubiri. Leo hii jitumie hizo sauti kwa barua pepe, kisha ziweke sehemu 3, mojawapo isiwe nyumbani kwako. Na namba yake usiitegemee. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, baadaye hupewa mtu mwingine. Mimi nilikuta picha ya kijana nisiyemjua kwenye jina la marehemu kaka. Inauma, asikwambie mtu.

Dada Tausi: Na picha za karatasi je? Waulize wazee majina ya waliomo wakiwa bado wanakumbuka, uandike nyuma kwa penseli laini. Peni hapana, wino hupenya ukatokea mbele. Kama ziko kwenye zile albamu za gundi zitoe taratibu, gundi inazila. Ukutani tundika nakala, yenyewe ikae mbali na jua.

Mzee wa Kimya: Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Baba alipofariki tulifunga chumba chake mwaka mzima, tukawa tunapita mlangoni kwa kunyata kama wezi. Haikumsaidia yeye wala sisi. Chukua miwani, mengine mwachie mama. Usisahau yeye kafiwa na baba. Wengine huomboleza kwa kufagia.

Kalamu Butu: Usisikilize peke yako usiku. Bibi yupo?

Mleta uzi: Yupo.

Kalamu Butu: Basi.

Mleta uzi: Mrejesho, wakuu. Sauti zote nimezinakili, miwani ninayo, kabati mama kalimaliza kwa siku moja na sikumzuia. Jana nimekaa na bibi tukafungua ujumbe mmoja. Babu hajamaliza hata kukohoa, mimi machozi tayari. Bibi anacheka kashika mbavu! Kumbe kile hakikuwa kikohozi. Ilikuwa ishara yao, anamwambia apunguze redio maana yuko kwenye simu. Tumeurudia mara 6. Bibi anasema ukitega sikio utaisikia redio ikishuka kwa nyuma.

Kweli, inashuka.