Mrejesho: "the woman who she sells omena"

Wiki tatu zilizopita niliwauliza nifanyeje wanafunzi wangu hapa Kisumu waache kusema "the woman who she sells omena" (omena ni dagaa). Walimu wenzangu, asanteni sana! Nilifuata ushauri wa kuanzia Kiswahili: "mwanamke anayeuza omena". Waliona kwamba sisi tunabaki na "a-" ya mtenda, ilhali kwa Kiingereza "who" yenyewe ndiyo mtenda, basi "she" haina kazi. Kisha kila mmoja akaeleza mtu aliyemwona ufuoni Dunga, wenzake wakimtambua. Kosa hilo limepungua sana.

"Whose" bado inatusumbua. "Mvuvi ambaye mashua yake imetoboka" wanaigeuza "who his boat". Kuunganisha sentensi mbili ubaoni hakukusaidia, walinakili tu. Mwalimu aliyependekeza nitumie kadi kufundisha "whose", nazijaribu Jumatatu.