Kanisa la Orthodoksi Moscow, naingiaje?

binti_kkkt: Habari wakuu, nasoma Moscow, nyumbani mi Mlutheri, sasa jirani na hosteli kuna kanisa la Orthodoksi, Jumapili nataka nikachungulie ibada, jinzi wanaruhusu? Na sadaka wanatoaje?

kotizito: Ingia tu hakuna wa kukufukuza, ila funika kichwa na sketi ni bora kuliko jinzi, makanisa mengi mlangoni wanaweka mitandio ya kuazima. Jiandae kusimama, mabenchi machache ya pembeni ni ya wazee na ibada inaweza kugonga masaa mawili. Kinanda sahau, ni kwaya tupu, tena Kislavoni cha zamani ambacho hata Warusi kinawapiga chenga.

mamaJ: Wengi wananunua mishumaa pale mlangoni, ndo mchango wenyewe. Ila mdogo wangu, ushirika usipange foleni, ni wa Waorthodoksi tu. Krismasi yao 7 Januari, nenda ule mkesha, utaipenda.

binti_kkkt: Asanteni, sketi ninayo, tatizo hii baridi 😅

kotizito: Taitsi nzito ndani. Ukimisi kwenu, Walutheri wana kanisa la Petro na Paulo katikati ya mji.