Naomba ushauri: nimejiwekea kikomo cha kubeti, nikakizunguka mwenyewe

Habari zenu wakuu. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwezi uliopita niliingia kwenye akaunti yangu ya kubeti nikaweka kikomo: nisiweke zaidi ya elfu kumi kwa wiki. Nilichokipenda, ukikishusha kinashuka papo hapo, ila ukitaka kukipandisha unasubirishwa siku nzima. Hasira za mkeka kuchanika, yaani tiketi ya kubeti kuliwa, zinakuwa zimepoa.

Wiki mbili nikakaa sawa. Jumamosi mkeka wa timu nane ukachanwa na timu moja, dakika ya 89. Nikajaribu kuongeza hela, ikagoma. Basi palepale, nimekaa juu ya gunia, nikafungua akaunti kampuni nyingine na kuchoma elfu sitini. Hela ya mzigo wa watu wa Ukerewe, jamani.

Mke wangu hajui bado. Nafikiria kujifungia akaunti kabisa, nisibeti miezi sita, lakini kampuni ziko kibao. Nijifungie moja moja? Au laini ya miamala nimwachie mama watoto? Aliyewahi kufanya hivyo, ilikuwaje? Wa kunitukana pia karibuni, ila mniachie na jibu.