Tangazo la BBC la "Perfect Day" (1997): lilishonwaje, na kwa nini lile la 2014 halikupokewa vile?

mdadisi_wa_mitambo:
Wakuu, msaada kwa wanaojua. 1997 BBC walirusha wimbo wa Lou Reed wa 1972, kila nyota na kipande chake, watu wakaupenda. 2014 wakarudi na "God Only Knows", wimbo wa Beach Boys, nyota kibao vilevile, wakaambulia maneno. Tofauti ilikuwa wapi? Na kiufundi, nikitengeneza tangazo kama hilo, waimbaji tuseme 12 waliorekodi studio tofauti nawaungaje bila viraka kusikika?

fundi_miksi:
Nianze na viraka. Tengeneza wimbo wa mwongozo: kinanda, besi, sauti moja, spidi isiyobadilika, na mapigo 8 ya kuhesabu mwanzoni ili mafaili yote yaanzie sehemu moja. Kii (kimo cha sauti cha wimbo mzima) ichagulie kwenye kibwagizo, maana huko ndiko wote wanakutana. Mishororo ya ubeti gawa baadaye, kwa kuangalia nani anafika chini na nani juu. Ukigawa kwa ukubwa wa jina, utaishia kumvuta mtu kwa programu hadi awe roboti.

Kila mtu aimbe wimbo mzima mara 3, hata kama utatumia maneno manne tu. Anayeimba mshororo mmoja peke yake huingia kwa kishindo, kama anajitambulisha. Akiimba wote, anaufikia mshororo wake akiwa tayari ndani ya wimbo, na wewe unapata pumzi ya kabla na mkia wa noti wa kuungia.

Rekodi iwe kavu, yaani bila mwangwi wowote. Mwangwi utie mwenyewe, mmoja kwa wote. Huo ndio unaoficha viraka. Faili liwe WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), kwa kuwa video hutumia 48. La 44.1 likisomwa kama la 48 linakimbia na sauti kupanda karibu robo tatu ya toni, halafu lawama anabebeshwa mwimbaji. Voisi za WhatsApp usipokee kabisa.

mzee_wa_masafa:
Kuhusu mapokezi: la 1997 lilikuwa la kutetea ada ya televisheni inayoiendesha BBC, wakati huo pauni 91.50 kwa mwaka kwa TV ya rangi. Ila hoja hiyo inakuja mwishoni, kwa maandishi. Kabla yake ni wimbo tu, karibu dakika nne. Anaanza Lou Reed, anapokea Bono, kisha Skye Edwards, Bowie, Suzanne Vega, Elton John... kila sauti inakaa vya kutosha uitambue. Wasanii walipewa pauni 250 kila mmoja, senti za heshima tu. Watu wakataka kuununua. Novemba ukatoka kuchangia Children in Need, mfuko wa BBC wa kusaidia watoto, ukashika namba 1 Uingereza na kupita nakala milioni 1.5.

Manung'uniko yalikuwepo: shirika lisilorusha matangazo ya biashara linajitangaza lenyewe, na kwa wimbo ambao wengi wanausikia kama wa heroini! Na ule mshororo wa mwisho wa kuvuna ulichopanda, mlipa ada akiusikia vibaya ni kama anatishwa.

La 2014 lilirushwa tarehe 7 Oktoba saa 2 usiku, chaneli na redio zao zote kwa mpigo. Brian Wilson wa Beach Boys, mmoja wa watunzi wa wimbo huo, mwenyewe yumo, Stevie Wonder, Pharrell, Kylie Minogue ndani ya povu linaloelea. Lakini wimbo hauzidi dakika tatu na nyota ni wengi mno. Jicho linahesabu sura, sikio linaachwa nyuma. Kwa maoni yangu mapambo ndiyo yaliyouzidi wimbo.

pwani_reggae:
Msimsahau Burning Spear, mwimbaji wa reggae wa Jamaika, kwenye la 1997. Jina hilo, Mkuki Uwakao, alilichukua kutoka kwa Jomo Kenyatta.

mdadisi_wa_mitambo:
Shukrani. Na tangazo likipendwa, naweza kuuza wimbo moja kwa moja?

fundi_miksi:
Hapana. Ruhusa ya kurusha si ruhusa ya kuuza. Mtunzi, kila msanii na lebo yake wasaini kipengele cha mauzo kabla hawajaingia studio, malipo sawa kwa wote. Mmoja akikataa baadaye, unafungua miksi upya umtoe, na mshororo wake unabaki pengo.