Mbao za mashua ndani ya ukuta wa ghala: umri wake utajulikanaje?

Mkazi wa Ggaba
Ndugu zangu, salamu. Ukuta wa nyuma wa ghala letu la samaki hapa mwaloni Ggaba, kwenye Ziwa Victoria, ni wa mbao nzito ambazo wazee husema zilitoka kwenye mashua zilizochakaa. Utabomolewa mwezi ujao. Nitathibitishaje asili yake, na je, pete za mti zitaonyesha umri, kama ilivyofanyika New York?

Mtafiti
Kiunzi cha merikebu kilichofukuliwa mwaka 2010 mahali pa World Trade Center kilikuwa kimezikwa katika kifusi cha kupanulia ufuko wa Manhattan. Pete za mbao zake, za mti uitwao mwaloni, zililingana na zile za mbao za Independence Hall huko Philadelphia, na hivyo ikajulikana kwamba miti ilikatwa mnamo 1773. Kule kuna majira ya baridi, kwa hiyo mti huweka pete moja kila mwaka. Huku kwetu kwenye ikweta, ambako mvua za masika na vuli hufuatana, pete za mvule haziaminiki kwa hesabu hiyo, nacho kipimo cha umri kwa kaboni hutoa kipindi kipana mno kwa mbao za miaka 300 ya karibuni. Itabidi ubao wenyewe usomwe kwa alama zake.

Fundi wa mashua
Tazama ukingo kwanza. Ubao wa mashua huchongwa mshazari ili ukae juu ya mwenzake, kazi ambayo mjenzi wa ghala hana haja nayo. Matundu yenye kutu ni ya misumari. Yasiyo na kutu, yaliyopangana karibu karibu ukingoni, yachunguze kwa makini sana, kwa kuwa mitumbwi ya zamani ya Buganda ilishonwa kwa nyuzi za mimea.

Mkazi wa Ggaba
Nimetazama jioni hii kwa tochi. Ubao wa tatu kutoka chini una michirizi myeupe, upana wa vidole vinne, na katika ukingo wake kuna pamba iliyogandamana.

Fundi wa mashua
Michirizi hiyo ndipo mataruma, yaani mbavu za mashua, yalipokaa, na pamba ni kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao maji yasiingie. Hiyo ni mashua.

Mtafiti
Basi nakuomba usiikwangue pamba hiyo. Piga picha ukuta ukiwa bado umesimama, rula ikionekana, kisha uzipe mbao namba kwa chaki. Zilizofukiwa kwenye tope zifunge kwa plastiki zikiwa na maji yake, maana zikikauka ghafla hupasuka. Wajulishe Makumbusho ya Uganda, Kampala, kabla nyundo haijagusa ukuta.