Familia Kibosho 🙏

Jumanne

Manka 19:12
Shimboni wapendwa. Mama amebanwa tena. Kutoka migombani mpaka mlangoni amekaa chini njiani.

Manka 19:15
Daktari amesema si TB. Makohozi safi, eksirei haionyeshi TB. Anahisi ni COPD, mirija ya hewa imeharibika na kuwa myembamba. Ametoa rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi, Alhamisi akapime mapafu kwa kupuliza kwenye mashine. Nahitaji gari na elfu 20 kila mtu. Nijibuni leo.

Joyce 19:40
Hiyo si ya wavuta sigara? Mama hata ugoro hajawahi

Manka 19:41
Na moshi wa kuni pia Joyce. Lile jiko halina dirisha. Ndizi za mbege zinachemka kutwa nzima na yeye kainamia pipa.

Freddy 20:05
Kama ni kupuliza apelekwe Baba Mdogo wa tarumbeta 😂

Joyce 20:06
😂😂 atavunja mashine ya watu

Neema 20:09
Kwani mazoezi ya Krismasi yameanza?

Manka 20:14
Jamani sikilizeni. Anapuliza kwa nguvu mpaka hewa iishe kifuani, anavuta dawa, wanasubiri kama dakika 15, anapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa bado haifiki asilimia 70 ya yote aliyotoa, basi njia zimeziba. Pumu mara nyingi hufunguka ikipata dawa, hii haifunguki vya kutosha. Kwa hiyo asubuhi hiyo asivute pampu ya bluu, ile dawa yake ya kufungua kifua, isipokuwa akibanwa.

Neema 20:31
Pampu yenyewe dawa inaishia mdomoni, nilimwona

Manka 20:33
Toboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, pampu iingie ibane. Mdomo kwenye chupa, abonyeze mara moja, avute polepole. Nesi amenionyesha leo.

Joyce 20:44
Angekuwa anapikia gesi tangu tulipochanga tusingefika hapa. Mtungi nasikia uko Arusha

Freddy 20:45
Joyce usianze

Joyce 20:45
Sijamtaja mtu

Freddy 20:47
Mama mwenyewe aliukataa!! Alisema ndizi za gesi hazina ladha. Nikamtunzia

Joyce 20:48
Umetunza mpaka leo

Manka 20:50
Hela ya gari jamani

Baba Mkubwa 21:20
Nimesoma yote. Mama yenu amepika mbege kwenye jiko lile tangu Freddy hajazaliwa. Ada zenu zilitoka kwenye lile pipa. Freddy, mtungi urudi. Na Alhamisi aende hospitali.

Freddy 21:48
Ndiyo Baba Mkubwa

Neema 21:49
Aika Baba

Elly Dar 22:55
Ndo naona. Inapona hiyo?

Manka 22:58
Mapafu yaliyoharibika hayarudi. Ila akitoka kwenye moshi, apate dawa ya kuvuta ya kila siku na afundishwe mazoezi ya kupumua, kubanwa kunapungua, anatembea tena mpaka kanisani. Ndiyo maana nawasumbua.

Elly Dar 23:01
Sawa dada. Natuma mwisho wa mwezi

Manka 23:01
Alhamisi ni keshokutwa Elly

Manka 23:04
Freddy, Noah itafika saa 12 asubuhi au nitafute taksi?

Jumatano

Joyce 06:14
Nimetuma 20. Nani atakata majani Alhamisi? Mama amesema haendi popote ng'ombe wakiwa na njaa

Freddy 09:37
Gari liko gereji, fundi anasema labda leo usiku. Likitoka nakuja na mtungi